Kufunga ukurasa, kuficha kipande au kujenga lango: njia tatu za maudhui ya wanachama kwenye tovuti ya chama

Chama chenye wanachama kikishakuwa na tovuti, swali la nani aone nini halikawii kufika. Kumbukumbu za vikao ni za wanachama peke yao. Fomu ya kura ni ya waliolipa ada. Kiingilio cha kongamano ni bei moja kwa wanafunzi, nyingine kwa wanachama kamili, ya tatu kwa wageni. Ofisi inataka haya yote yajiendeshe, pasiwe na mtu wa kutuma PDF kwa barua pepe kila anapoombwa.

Programu ni nyingi, lakini njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kufunga ukurasa mzima, au sehemu nzima ya tovuti, asiye mwanachama asiingie. Ya pili ni kuuacha ukurasa wazi kwa wote, ila vipande vyake vionekane kwa masharti. Ya tatu ni kuwapa wanachama lango lao, mfumo wa pembeni wenye anwani yake, na tovuti kuu ibaki ya umma.

Wauzaji wa programu hupenda kuzilinganisha kwa orodha ndefu ya mambo zinazoweza kufanya. Orodha hizo hazisaidii sana, kwa sababu kwa kuongeza moduli (vipande vya programu vya nyongeza) hapa na pale karibu kila programu inaweza karibu kila kitu. Maswali yenye uzito ni mawili: nani atayatunza masharti hayo baada ya aliyeyaweka kuhama, na habari sahihi kuhusu hali ya mwanachama inakaa wapi.

## Vipimo

Usalama kwanza, na hapa hakuna kubembelezana. Je, maandishi yaliyozuiwa yanakifikia kivinjari cha mtu asiyeruhusiwa? Ukiificha aya kwa CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa), tuseme kwa `display: none`, au kwa JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari) inayosubiri kujua mtu ni nani, aya hiyo imeshatumwa. Mtu akifungua msimbo chanzo wa ukurasa ataisoma yote. Hilo ni pazia, si mlango. Pazia linatosha kuondoa kitufe cha "Jiunge" kwa mtu aliyekwisha jiunga. Kwa kumbukumbu za kikao cha nidhamu halitoshi. Uamuzi unatakiwa kufanyika kwenye seva, kabla ukurasa haujatoka.

Kipimo cha pili ni uhariri: anayeandika habari za chama anaweza kubadilisha sharti mwenyewe bila kumwita fundi? Na akiufungua ukurasa kwenye kihariri, anaweza kuona kuwa pana sharti?

Cha tatu ni anachokiona asiyeruhusiwa. Wengi hukipuuza, ilhali wanachama wapya hutoka miongoni mwa watu hao hao.

Cha nne ni mabadiliko ya hali. Uanachama huanza, huisha, hupewa siku za nyongeza, husitishwa, hufufuliwa. CiviCRM, programu huria ya kutunza daftari la wanachama inayotumiwa na vyama vingi pamoja na programu za kujengea tovuti za WordPress, Drupal au Joomla, huja na hali zilizopangwa tayari: aliyejiunga karibuni, aliye hai, aliye kwenye muda wa nyongeza, aliyekwisha muda, na kadhalika. Kwa mpangilio wake wa awali muda huo wa nyongeza ni mwezi mmoja baada ya tarehe ya mwisho. Kabla hujagusa tovuti, chama kiamue: mtu aliye ndani ya mwezi huo anasoma jarida? Anapiga kura? Mara nyingi jibu la kwanza ni ndiyo na la pili ni hapana, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuvuruga mpango mzuri.

## Kufunga ukurasa mzima

Usalama. Hii ndiyo njia rahisi zaidi kuikagua. Ukurasa umefungwa au haujafungwa, basi. Seva inamtazama mtu, inaangalia kundi lake, inatoa ukurasa au inakataa. Joomla ina viwango vya ufikiaji ndani yake, na tangu toleo 1.6 la mwaka 2011 unaweza kujitengenezea viwango vyako na kuvipa makala, menyu au moduli. Drupal kwenye kiini chake ina ruhusa moja tu ya kuona maudhui yaliyochapishwa. Ukitaka kutofautisha kwa aina ya maudhui unaongeza moduli kama Content Access. WordPress huja na makundi matano ya watumiaji, lakini yamepangwa kwa kuangalia nani aandike na nani ahariri, si nani asome, kwa hiyo unahitaji programu-jalizi, yaani programu ya nyongeza, kama Paid Memberships Pro au MemberPress.

WordPress pia hukuruhusu kuuwekea ukurasa nenosiri moja. Vyama vidogo huipenda njia hiyo kwa kuwa haina gharama. Shida ni kwamba nenosiri ni la wote: likishatumwa kwenye kundi la WhatsApp halina mwenyewe, na huwezi kumwondoa mtu mmoja bila kuwabadilishia wote. Kwa ratiba ya mkutano sawa. Kwa orodha ya simu za wanachama, hapana.

Uhariri. Mhariri anachagua kisanduku kimoja pembeni ya makala, kazi imekwisha. Afadhali zaidi ni kulifungia sharti kwenye kategoria: chochote kinachowekwa chini ya "Kumbukumbu za vikao" kinafungwa chenyewe, na mhariri hana haja ya kukumbuka. Mtu mpya ofisini hujifunza hili kwa asubuhi moja.

Asiyeruhusiwa anaona nini. Hapa ndipo penye udhaifu. Usipoangalia, anakutana na ujumbe mkavu wa kukataliwa, ile 403 ya seva, hajui kuna nini nyuma yake wala afanye nini. Dawa ni ukurasa wa kukataa ulioandikwa na mtu: unasema humu mna nini, unampa aliyesahau kuingia sehemu ya kuingia, na asiye mwanachama kiungo cha kujiunga. Akishaingia arudishwe kule alikokuwa anakwenda. Mwanachama aliyebofya kiungo cha taarifa ya fedha kwenye barua pepe, akaingia, kisha akatupwa ukurasa wa mwanzo, atakupigia simu.

Hali ikibadilika. Mtu anahamishwa kundi, milango yote inafunguka au inafungwa kwa pamoja. Lakini uliza uhamisho hutokea lini. Mifumo mingine hulinganisha kundi na daftari la wanachama pale mtu anapoingia tu, au kazi ya usiku inapokwenda. Aliyelipa saa nne asubuhi hataki kuambiwa asubiri hadi kesho.

Njia hii inakifaa chama chenye aina moja au mbili za wanachama, ambacho maudhui yake yanagawanyika yenyewe: haya ya umma, haya yetu.

## Kuficha vipande ndani ya ukurasa

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa ndiyo njia inayovutia kuliko zote na ndiyo inayoota magugu haraka.

Chukua ukurasa wa mkutano mkuu wa mwaka. Kila mtu anaona tarehe na ajenda. Mwanachama kamili anaona zaidi ya hapo bei yake, kiungo cha fomu ya uwakilishi na hati za kusoma kabla ya kikao. Mwanafunzi anaona bei ya mwanafunzi. Mgeni anaona bei ya mgeni na mwaliko wa kujiunga. Anwani ni moja, kiungo ni kimoja kwenye barua pepe, na kila mtu anakuta kinachomhusu. Ikifanywa vizuri inapendeza kweli.

Sasa angalia mwezi wa pili tangu ukurasa uwekwe. Sentensi ilikuwa "Kiingilio chako ni", ikifuatwa na masharti matatu: mwanachama kamili, mwanafunzi, mgeni. Mtu aliyekwisha muda wa uanachama ameingia kwa akaunti yake, kwa hiyo si mgeni. Wala si mwanachama hai. Anasoma "Kiingilio chako ni" na baada ya hapo pako patupu. Ofisini hakuna anayeona kosa, maana kila mmoja wao ni mwanachama aliyelipa. Ndiyo maana kila mfululizo wa masharti lazima umalizike na "wengine wote", hata kama unaamini hakuna aliyebaki.

Usalama. Ni mzuri pale kipande kinapoondolewa kwenye seva, kama yanavyofanya masharti ya vizuizi vya Drupal (vizuizi hapa ni vipande vinavyounda ukurasa, blocks) na misimbo mifupi ya programu-jalizi za uanachama za WordPress, yaani maagizo yanayoandikwa ndani ya mabano ya mraba katikati ya maandishi. Ila maandishi ya ukurasa mmoja husafiri kwa njia nyingi: mlisho wa RSS unaopeleka makala mpya kwenye programu za kusomea, matokeo ya utafutaji wa ndani, muhtasari unaojitengeneza, barua pepe ya "makala mpya". Tangu toleo 4.7 la Desemba 2016, WordPress hutoa pia maudhui yaliyochapishwa kupitia anwani ya `/wp-json/wp/v2/posts`. Programu-jalizi nzuri huziba njia hizo zote. Mbaya huziba ukurasa tu. Fungua dirisha la faragha, usiingie, kisha tembelea kila njia utafute neno unalojua limo ndani ya kipande kilichofichwa.

Uhariri. Kupachika sharti ni rahisi. Wasiwasi huanza pale mwingine anapokuja kulisoma. Msimbo mfupi kama `[mwanachama kiwango="2"]` haumwambii mhariri mpya kiwango cha 2 ni kipi, na akifuta mabano ya kufungia kwa bahati mbaya, nusu ya ukurasa inaweza kufichika au kufichuka. Kihariri cha vizuizi kilichokuja na WordPress 5.0, Desemba 2018, kimepunguza hatari hiyo, kwani sharti linaweza kukaa kwenye mipangilio ya kizuizi badala ya kuelea katikati ya maandishi. Lakini sharti lililo kwenye mipangilio nalo halionekani mpaka ulibofye.

Halafu hesabu. Masharti matano ya ndiyo au hapana kwenye ukurasa mmoja, kila moja likijitegemea, yanazaa kurasa 32 tofauti. Hakuna mtu wa kuzikagua 32. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na masharti nayo ni mali: jina la sharti, ukurasa lilipo, aliyeliomba, tarehe ya kuliondoa. Jedwali la kawaida linatosha. Kwa maoni yangu chama kisichokuwa tayari kuweka jedwali hilo kisianze njia hii.

Asiyeruhusiwa anaona nini. Hapa njia ya vipande inazishinda nyingine. Mgeni anasoma aya mbili za ripoti, anajua ina thamani gani, ndipo anaambiwa zilizobaki ni za wanachama. Kama unataka injini za utafutaji zielewe kwamba sehemu fulani imezuiwa na hujaribu kuzidanganya, Google inatambua alama ya `isAccessibleForFree` kwenye data ya ukurasa. Jihadhari tu na kelele: mgeni akikutana na visanduku vinne vya "Hii ni ya wanachama" kwenye ukurasa mmoja atajiona anafukuzwa.

Hali ikibadilika. Kila kipande kinauliza upya, kwa hiyo mabadiliko hufika mara moja iwapo sharti linasoma daftari la wanachama lenyewe. Likisoma kundi la mtumiaji, udhaifu ni ule ule wa njia ya kwanza. Na chama kikibadilisha ngazi zake, tuseme "mshiriki" na "mshiriki mwandamizi" zikaunganishwa, utawinda kila ukurasa yalikotajwa majina hayo. Wenye busara huzipa ruhusa majina ya kazi, kama "anaweza kupiga kura" au "anapata bei ya mwanachama", kisha ngazi huunganishwa na ruhusa hizo mahali pamoja tu.

Inakifaa chama chenye ngazi kadhaa, chenye mhariri wa kudumu, na ambacho kurasa zake nyingi ni za watu wote isipokuwa sehemu ndogo.

## Lango la pembeni

Usalama. Umma na wanachama wako kwenye mifumo tofauti, pengine hata seva tofauti. Tovuti kuu ikivamiwa, anwani na malipo ya wanachama hayamo humo. Kosa la mhariri haliwezi kuchapisha siri hadharani, kwa sababu siri haiko kwenye mfumo anaouhariri.

Uhariri. Hakuna masharti ya kufikiria, lakini kuna nyumba mbili za kufagia. Habari inayowahusu wote huwekwa mara mbili, na nakala moja husahaulika. Miezi sita baadaye tarehe za mkutano zinatofautiana huku na kule.

Asiyeruhusiwa anaona nini. Sehemu ya kuingia, basi. Lango halimshawishi mtu kujiunga. Kazi hiyo inabaki kwa tovuti kuu, ambayo lazima ieleze kwa undani kilicho nyuma ya lango.

Hali ikibadilika. Pale lango linapokuwa ndilo daftari la wanachama lenyewe, hii ni bora kuliko zote: analipa, anafunguliwa papo hapo. Likiwa mfumo wa tatu unaopokea majina kwa faili ya kila wiki, ni mbaya kuliko zote. Uliza pia kuhusu kuingia mara moja kwa mifumo yote, kwa kawaida kupitia SAML au OpenID Connect, viwango vinavyoiwezesha mifumo kupashana habari za mtu aliyeingia. Bila hilo mwanachama atakuwa na manenosiri mawili, na ofisi itakuwa na kazi ya kuyafufua.

Linakifaa chama chenye taarifa nyeti, huduma za kujihudumia kama kulipa ada na kuchapa cheti, na fedha za kuuendesha mfumo wa pili.

## Mambo mawili yasiyojali umechagua njia gani

Mafaili kwanza. Unaweza kuufunga ukurasa kwa makufuli yote, lakini kama PDF yake iko kwenye `wp-content/uploads/2024/03/`, yeyote mwenye kiungo anaipakua bila kuulizwa, kwa kuwa seva huitoa moja kwa moja bila kupitia WordPress. Drupal ina hifadhi ya mafaili binafsi inayopitisha kila ombi kwenye ukaguzi wa ruhusa. Kwingineko utahitaji programu-jalizi inayofanya hivyo, au viungo vinavyokufa baada ya muda. Kwenye lango la pembeni jambo hili kwa kawaida limeshughulikiwa, lakini lijaribu: nakili kiungo cha faili, toka kwenye akaunti, kifungue.

Pili ni kache. Ili tovuti iwe na kasi, ukurasa uliotengenezwa mara moja huhifadhiwa na kupewa watu wengi. Mwanachama akiwa wa kwanza kuufungua, nakala yake yenye "Karibu" na jina lake inaweza kumfikia mgeni. Programu nyingi za kache za WordPress huwaruka walioingia, ila mtandao wa usambazaji (CDN, seva za kati zinazohifadhi nakala za kurasa) ulio mbele ya seva haujui hilo mpaka uambiwe, kwa kukagua kidakuzi cha kuingia (alama ndogo inayowekwa kwenye kivinjari cha aliyeingia) au kwa kichwa cha `Cache-Control: private, no-store`, agizo linalotumwa pamoja na ukurasa. Drupal tangu toleo la 8 humruhusu mtengenezaji wa kizuizi kutamka kwamba kinatofautiana kwa kundi la mtumiaji, na kache hufuata. Njia ya vipande ndiyo huumia zaidi hapa. Lango ndilo husumbuka kidogo zaidi, kwani tovuti kuu inaweza kuhifadhiwa yote bila hofu.

Kwa majaribio, tengeneza akaunti bandia kwa kila hali, hasa aliyekwisha muda na aliye kwenye siku za nyongeza. User Switching kwa WordPress na Masquerade kwa Drupal humwezesha msimamizi kuvaa akaunti ya mtu mwingine bila nenosiri lake.

## Kwa hali yako

Kama ofisi ni mtu mmoja wa nusu siku na wanachama wote wana haki sawa, kufunga kwa kategoria kunatosha, na muda utakaobaki andika ukurasa mzuri wa kukataa. Vipande vichache vya urembo kwenye ukurasa wa mwanzo havitakudhuru.

Kama ngazi ni nne au tano na tofauti kubwa ni bei na haki ya kura, kurasa hazihitaji kufungwa sana. Tumia vipande, lakini pale tu tofauti inapokuwa mstari au aya. Sehemu iliyofichwa ikizidi nusu ya ukurasa, itoe iwe ukurasa wake uliofungwa na uache kiungo.

Kama mnashika rekodi za nidhamu, za afya au za leseni za kazi, lango halikwepeki kwa sehemu hiyo, hata kama jarida na kumbukumbu za vikao zitabaki kwenye tovuti kuu chini ya kufuli la kawaida. Vyama vingi vikubwa huishia na mchanganyiko huo.

Kama daftari la wanachama bado ni jedwali kwenye kompyuta ya mweka hazina, ahirisha uchaguzi wote. Anza na daftari, kwa sababu njia zote tatu zitaliuliza swali lile lile kila mtu anapoingia.

Na kama umerithi tovuti iliyojaa masharti ambayo hakuna anayejua yaliwekwa kwa nini, usikimbilie kuhamia mfumo mpya. Tafuta misimbo mifupi yote kwenye hifadhidata, iorodheshe, uwaulize waliopo ipi bado ina kazi. Ile isiyo na mwenyewe, itoe kwenye nakala ya majaribio kwanza, uipite kwa akaunti zile bandia, ndipo uiguse tovuti hai.